Beseni na Geti: Mjadala wa Duka la Stesheni

Bariadi hakuna reli. Makao makuu ya mkoa wa Simiyu, mkoa uliozaliwa mwaka 2012, hufikiwa kwa lami: kilometa 71.8 ukitokea Lamadi kandokando ya Ziwa Victoria, na kilometa 49.7 ukitokea Maswa. Anayetaka kusikia honi ya treni bila kutoka nje ya mkoa ashuke hadi Malampaka, wilayani Maswa, kwenye tawi la Tabora–Mwanza ambalo Waingereza walilikamilisha mwaka 1928. Huko huko ndiko inakopita reli mpya ya kisasa (SGR) ya Mwanza–Isaka, kilometa 341 ukijumlisha njia kuu na njia za kupishania, ambayo Rais Samia Suluhu Hassan aliiwekea jiwe la msingi Juni 2021. Kipande hicho bado hakijaanza kubeba abiria.

Ndiyo maana mjadala wa duka la stesheni unaweza kuanzia stendi ya mabasi. Wasemaji wa mjadala huu ni wa kubuni, na wametambulishwa kwa kazi zao. Reli, sheria na tarehe wanazozitaja ni za kweli.

Ni alfajiri, basi la kuelekea Maswa na Shinyanga halijajaa. Mama mmoja anazunguka na beseni kichwani: karanga za kuchemsha, matobolwa yaliyofungwa kwenye vifuko, na michembe mikavu kwa anayetaka kupelekea ndugu zake mjini. Abiria anafungua dirisha, anateremsha noti, anapokea kifuko na chenji, anafunga dirisha. Biashara imekwisha kabla mpiga debe hajamaliza kutaja vituo.

"Mwangaluka, mayu," anasalimia mzee aliyekaa kwenye benchi. Alifanya kazi reli ya kati hadi akastaafu, na sasa analima pamba. "Umeuza vizuri. Lakini dirisha hilo ulifaidi sasa hivi. SGR madirisha yake hayafunguki."

Mama anatua beseni. "Hayafunguki kabisa, mzee?"

"Kabisa. Mle ndani kuna kiyoyozi."

Hapo mjadala ukawa umefunguliwa.

Mstaafu ndiye aliyeanza, naye alianzia mbali. Katika reli ya zamani, alisema, abiria hakulifuata duka. Duka ndilo lililokuwa na miguu. Treni ilipokaribia Saranda, mkoani Singida, watu walijua ni zamu ya kuku. Aliyekuwa amelala aliamshwa na harufu. Tabora ilikuwa asali, Kigoma ilikuwa dagaa na migebuka. Stesheni ndogo kama Malampaka nazo zilikuwa na lao: mchele, karanga, mayai ya kuchemsha, jogoo aliyefungwa miguu. Watu walizikumbuka stesheni kwa midomo, wala si kwa majengo yake.

"Na usiku je?" aliuliza mama.

"Usiku ndiyo lilikuwa soko kweli. Treni inaweza kuchelewa saa tano. Mama zako walikaa na chemli zao mpaka inaingia. Duka la mjini linafungwa saa mbili usiku. Duka la stesheni lilifungwa treni ikishaondoka."

Kijana aliyekuwa akichezea simu pembeni aliinua kichwa. Amesomea uhandisi, na amepata kibarua katika ujenzi wa reli. "Shikamoo, mzee. Kwa heshima zote, umetueleza raha tu. Hukutueleza waliovunjika miguu."

"Marahaba. Sema."

Mhandisi akasema. Treni ya zamani ilianza kuondoka huku noti ikiwa bado hewani. Muuzaji alikimbia kando ya behewa akidai hela yake, au abiria alibaki akidai chenji. Watoto walipita chini ya mabehewa kuwahi upande wa pili. Hayo yalivumilika kwa treni ya dizeli inayojikongoja. SGR ni ya umeme: waya wa juu una kilovolti 25, na treni ya abiria imesanifiwa kukimbia hadi kilometa 160 kwa saa. "Treni isiyosimama hapo inapita mbele yako kama upepo wa kimbunga. Huwezi kumwacha mama na beseni ukingoni mwa jukwaa. Uzio na geti vinaokoa maisha ya watu."

"Sawa, mwanangu," mama akajibu. "Uzio umeniokoa. Sasa nikishaokolewa, nisimame wapi?"

Swali hilo ndilo kiini cha habari yote. Stesheni ya kisasa imechora mstari ambao ile ya zamani haikuwa nao. Upande mmoja kuna mwenye tiketi aliyekwisha kukaguliwa. Upande wa pili kuna mji. Duka likiwa nje ya mstari, abiria aliyeingia halioni tena. Likiwa ndani, mwuzaji asiye na mkataba hawezi kulifikia. Ukubwa wa duka na uzuri wa vioo vyake ni mambo ya baadaye. La kwanza ni kujua liko upande gani wa geti.

Afisa biashara wa halmashauri, aliyekuwa akisubiri basi hilohilo, alikuwa na jibu tayari: fremu. Jengo la stesheni liwe na fremu za kupangisha, zitangazwe kwa tenda, mpangaji awe na leseni, atoe risiti ya mashine, awe na maji ya bomba na pa kutupa taka. "Kipindupindu hakiulizi kama chakula ni cha asili," alisema. "Na abiria akiumwa tumbo njiani, lawama zinakuja kwetu. Mwenye fremu namjua. Mwenye beseni leo yuko hapa, kesho yuko Lamadi."

Mama hakukataa usafi. Alichokataa ni hesabu. "Fremu ni ya mwenye mtaji, dada yangu. Atalipa pango, atalipa umeme, ataajiri binti. Akishafanya hivyo hawezi kuuza matobolwa. Atauza biskuti na soda, vitu ambavyo abiria angevinunua Dar es Salaam au Mwanza. Abiria akipita Malampaka hatajua kama amepita Usukumani."

"Mikopo ya halmashauri ipo," afisa alimkumbusha. Hapo ana hoja. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Utaratibu huo ulisimamishwa Aprili 2023, ukarudishwa mwaka 2024. Kikundi cha akina mama kumi kinaweza kuomba pamoja.

"Tulishapangwa kabla," mama alisema. "Mwaka 2018 tukanunua vitambulisho vya shilingi 20,000, tukaambiwa hakuna atakayetugusa. Mwaka 2021 machinga nchi nzima wakahamishwa barabarani. Wengine walipelekwa mahali pazuri, pana paa, pana choo. Mteja tu ndiye aliyekuwa hapiti. Mimi sitaki paa, nataka niwe anapopita mtu."

Mstaafu alicheka. Mhandisi hakucheka. Alitoa kalamu na kugeuza bahasha.

"Basi tupige hesabu," alisema. "Tuseme treni inasimama Malampaka dakika tatu. Behewa moja lina urefu wa mita 25 hivi. Mabehewa manane ni mita 200. Mtu mzima mwenye afya anatembea kama mita 80 kwa dakika. Duka likiwa mwisho wa jukwaa, aliye behewa la kati yuko mita 100 kutoka dukani. Kwenda ni zaidi ya dakika moja, kurudi vivyo hivyo. Amebakiwa na nusu dakika ya kuchagua, kulipa na kusubiri chenji. Aliye behewa la mwisho asijaribu, ataachwa."

Aliigeuza bahasha watu waone. Alichora mstari mrefu wa jukwaa, kisha akaweka duara moja kubwa mwishoni. Halafu akalifuta. Badala yake akaweka viduara vinne, kila kimoja mbele ya mabehewa mawili, vyote nyuma ya mstari wa usalama. Sasa abiria yeyote alikuwa ndani ya mita 25 kutoka kwenye meza.

Ilikuwa mara ya kwanza asubuhi hiyo mhandisi na mama kutazama kitu kimoja.

Afisa biashara aliinama akaitazama michoro. Meza nne ndogo, alisema, ni usumbufu wa ukaguzi mara nne. Lakini alikiri kwamba si jambo geni duniani. India, nchi yenye moja ya mitandao mikubwa ya reli duniani, ilianzisha mwaka 2022 mpango wa bidhaa moja kwa kila stesheni: kibanda kimoja kinatengwa ndani ya stesheni kwa ajili ya kitu kinachotengenezwa au kulimwa eneo hilo, iwe vitambaa, vyungu, achari au vitafunwa, na wauzaji wa eneo hilo wanapewa nafasi kwa zamu. India hiyohiyo abiria huagiza chakula kwa simu akiwa njiani, kikaletwa hadi kwenye kiti chake stesheni inayofuata. Japani nako kila eneo lina boksi lake la chakula cha safari linalouzwa stesheni, na mwaka 2005 kampuni ya reli ya JR East ilifungua katika stesheni ya Omiya eneo la maduka lililoko ndani ya geti la tiketi, ili anayebadilisha treni asilazimike kutoka na kuingia tena.

"Kwa hiyo wenzetu wameliingiza duka ndani ya mstari," mhandisi akasema. "Sisi tunalisukuma nje."

"Na wengine wamelisahau kabisa," akaongeza mstaafu. Alitaja Mtito Andei nchini Kenya, mji ulio karibu na nusu ya safari ya Nairobi na Mombasa. Kwa miaka mingi uliishi kwa mabasi na malori yaliyosimama hapo ili watu wapate kula. SGR ya Kenya ilipoanza kubeba abiria mwaka 2017, na makontena yalipohamia relini, wafanyabiashara wa miji ya njia hiyo walilalamika kwamba wateja sasa wanapita bila kushuka. Stesheni ipo. Abiria wapo, nyuma ya kioo.

Basi liliongeza abiria wawili. Wa tatu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi anayetumia kitimwendo, na vijana wa stendi walisogea kumwinua. Aliwaomba wasubiri kidogo. Alikuwa ameyasikia mazungumzo tangu mwanzo.

"Mmeongea juu ya mwuzaji na juu ya halmashauri," alisema. "Abiria mmemtaja mwenye miguu tu."

Alieleza kwa mfano wake. Treni ya zamani ilimtesa kuingia: behewa lina ngazi nyembamba, akabebwa kama gunia. Lakini akishaketi dirishani, alikuwa sawa na kila mtu. Kuku wa Saranda alimfuata alipo, na hakuhitaji msaada wa mtu yeyote kununua. SGR imegeuza mambo. Jukwaa limejengwa juu ili abiria asipande ngazi za behewa, na hilo analishukuru. Ila sasa duka halimfuati, na yeye hawezi kulifuata kwa dakika tatu. "Nimepewa mlango, nimenyang'anywa dirisha," alisema. "Na si mimi tu. Mama mwenye mapacha, bibi mwenye magoti mabovu, mwenye begi asiyemwamini jirani yake. Wote hao hawashuki."

Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inadai majengo na huduma za umma zifikike. Kwa kawaida watu huisoma wakifikiria njia za mteremko na vyoo. Mwalimu aliisoma kwa kaunta. Kaunta ikimfika kidevuni, muuzaji hamwoni na yeye haoni bei. Mlango wa duka ukiwa na kizingiti, kuliweka ndani ya geti hakumsaidii. Tangazo la treni likisikika ukumbini tu na lisisikike dukani, asiyesikia vizuri hataingia dukani, kwa kuogopa kuachwa.

Hofu hiyo ya kuachwa haijadiliwi vya kutosha. Abiria wa SGR huhimizwa kufika stesheni mapema sana, kwa hiyo anayo saa nzima au zaidi ya kukaa. Stesheni ya Magufuli jijini Dar es Salaam, jengo lililosanifiwa kwa sura ya tanzanite, hupokea umati huo tangu treni za abiria zilipoanza kwenda Morogoro Juni 2024 na Dodoma Julai mwaka huohuo. Mtu mwenye saa nzima ni mteja mzuri, mradi haogopi. Akiambiwa duka liko chini, nje ya ukaguzi, na akirudi atapanga foleni upya, anakaa na njaa yake. Duka hilo liko mita chache tu, na bado halifikiki.

"Na bei," mama alikumbusha. "Mkituweka ndani tukiwa wawili tu, tutawaumiza abiria. Binadamu ni binadamu. Mtuweke wanne."

Afisa biashara alicheka kwa mara ya kwanza. Hakutegemea hoja ya ushindani itoke kwenye beseni. Alikubali kwamba bei zibandikwe kwa maandishi makubwa, na kwamba kila meza iwe na lipa namba ili dakika isiishie kwenye chenji. Lakini alisimamia masharti yake mawili: wauzaji waandikishwe kwa kikundi na wapimwe afya, na chakula kifungwe. Mama alikubali yote mawili. Matobolwa, alisema, ni viazi vilivyokwisha kuchemshwa, kukatwa na kukaushwa. Yanakaa miezi bila friji. Ukiyafunga vizuri yanastahimili safari hadi Dar es Salaam. Michembe inakaushwa mibichi, hivyo ni zawadi ya kwenda kupika nyumbani. Choroko na dengu ni za kubeba. Alichotaka ni mahali pa kuviweka na saa ya kuingia.

"Saa ya kuingia ni ratiba ya treni," mstaafu alisisitiza. "Si saa za ofisi. Treni ikiingia saa tisa usiku, meza iwe na taa saa tisa usiku."

Mhandisi alibaki na pingamizi moja, na ni zito. Abiria wa SGR anasafiri haraka. Dar es Salaam hadi Dodoma, safari iliyokuwa ikila siku nzima, sasa ni chini ya saa nne kwa treni ya haraka. Mtu wa saa nne hahitaji kula kila stesheni kama mtu wa siku mbili. Pengine, alisema, duka la stesheni ndogo litakufa hata likijengwa vizuri.

Huenda chakula cha njiani kikapungua kweli. Zawadi hazitapungua. Msukuma anayerudi mjini mikono mitupu anaulizwa maswali, na anayetoka mjini kwenda msibani au harusini Maswa anahitaji sukari, maji, nepi za mtoto, dawa ya kichwa na bodaboda iliyo salama ya kumfikisha. Hayo yote ni duka. Tena mkoa wenye watu 2,140,497 kwa sensa ya 2022, unaoongoza kwa pamba nchini, hautakosa wasafiri.

Dereva alipiga honi. Kabla ya kupanda, kila mmoja alisema neno lake la mwisho. Mstaafu alitaka taa za usiku, mhandisi mstari wa usalama usivukwe, afisa orodha ya wauzaji, mwalimu kaunta isiyozidi urefu wa kiti chake, na mhudumu wa kumletea alichoagiza kwa simu kwenye mlango wa behewa lake. Mama alitaka bahasha. Mhandisi alimpa, naye akaikunja akaiweka chini ya vifuko vya karanga.

Katika ubishi huu, mhandisi ana haki kuhusu mstari na mama ana haki kuhusu umbali, na hoja hizo mbili hazigombani. Fremu kubwa mwishoni mwa jukwaa ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu inamnyima mwuzaji mdogo nafasi na inamnyima abiria muda kwa pamoja. Meza ndogo nne au tano zilizosambazwa ndani ya geti, nyuma ya mstari wa usalama, zenye kaunta fupi, bei iliyobandikwa na zamu za vikundi vya Maswa, zina gharama ndogo kuliko chumba kimoja cha vioo. Kipimo chake ni cha mwalimu: je, abiria anayetembea polepole kuliko wote anaweza kununua na kuketi kabla mlango haujafungwa?

Madiwani wa Maswa na Shirika la Reli Tanzania wakae meza moja sasa, wakati kazi ya Mwanza–Isaka bado iko mikononi mwa mafundi. Sehemu ya umeme ya taa za meza, bomba moja la maji na mita chache za paa ni vitu vya kuchorwa kabla ya zege. Waite pia wanaouza Malampaka leo, na angalau abiria mmoja anayetumia kitimwendo, kabla michoro ya jukwaa haijafungwa.